Baba Mkwe wa Nyuma ya Ukuta

Baba mkwe wangu nilimfahamu kwa masikio. Nilijua kikohozi chake kabla sijajua pua yake imekaaje, na nilijua mlio wa buti zake za mpira kwenye tope kabla sijajua kama ni mrefu au mfupi. Nimeolewa na mwanawe miaka mingi, tuna watoto watatu, na karibu muda wote huo sikuwahi kumtazama usoni. Kwetu Rungwe wazee wanaita jambo hilo heshima. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe, hamtazami, hali naye, na akimsikia anakuja hupisha njia au hujibanza kwenye migomba mpaka apite. Jina lake pia mkwe halitamki. Kwa hiyo msomaji asinilaumu nikimaliza habari hii bila kumtaja. Tumemzika mwaka jana, lakini mdomo wangu bado haujapata ruhusa.

Wauguzi wenzangu walikuwa wananicheka. "Wewe nesi mzima, simu janja mfukoni, unamkimbia mzee?" Nikawa nawajibu kwamba ndiyo, namkimbia, na wala sioni nimeonewa. Kwanza na yeye alinikimbia. Akitoka shambani alianza kukohoa kule kwenye mpaka wa shamba la jirani, akifika kona ya banda la ng'ombe anakohoa tena, ili nipate muda wa kuipua sufuria na kuingia ndani. Kuna siku mvua ya kijijini kwetu Masukulu ilimnyeshea akiwa amesimama nyuma ya banda kwa sababu mimi nilikuwa bado nahangaika kumfunga mtoto mgongoni. Alisubiri. Sikumsikia hata akiguna.

Ajabu ni kwamba hakuwa mtu wa mila. Alifundisha baiolojia sekondari mpaka akastaafu, alikuwa mzee wa kanisa, na mtu akimwambia fulani amerogwa alijibu, "Amerogwa na chumvi, kapimeni presha." Mbuzi wa matambiko hakuwatoa, na kwenye misiba aliwapinga waziwazi waliotafuta mchawi. Siku moja nilimwomba mama mkwe amuulize kwa nini basi hili la mkwe analishika hivyo. Jibu likaja kupitia ukutani: "Mwambie nyingine zote nilizifundishia darasani mpaka zikaisha. Mama yangu aliniomba nimwachie hii moja."

Nieleze huo ukuta. Jiko letu lilikuwa la nje, la matofali mabichi, na kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi wa kupitisha moshi. Upande wa pili wa ukuta ilikuwa baraza yake, na kiti chake, na redio. Mimi nilikuwa ndani napika, yeye yuko nje anasikiliza taarifa ya habari, hatuonani. Mama mkwe alipenda kukaa mlangoni akimenya ndizi, mahali ambapo aliweza kutuona sote wawili.

Niliingia nyumba ile na aibu yangu. Nilikuwa nimefeli kidato cha nne, na kwa chuo cha uuguzi nilichokitaka, bila baiolojia hupiti hata getini. Mume wangu alikuwa fundi magari Mbeya, anakuja mwisho wa juma. Nikajiandikisha kurudia mtihani, nikawa nasoma huku nakoroga ugali. Nilisoma kwa sauti, kama tulivyozoea shuleni: figo ni kiungo kinachochuja damu na kutoa takamwili, figo ni kiungo kinachochuja damu na kutoa takamwili. Mara redio ikazimwa.

"Mama," nikamsikia anamwambia mkewe, "mwambie huyo anayesoma aache kukariri. Aulize kilichochujwa kimekwenda wapi."

Nilikuwa nimesikia kila neno. Hata hivyo mama mkwe aligeuka, akanitazama kwa heshima zote za mjumbe. Kiswahili chake kilikuwa cha Kinyakyusa, z kwake ni s, na r ni l.

"Anasema uache kukalili. Uulise kimekwenda wapi."

"Mwambie kimekuwa mkojo."

"Anasema ni mkojo."

"Mwambie amekosa," ikajibu sauti, na redio ikawashwa.

Kesho yake akaagiza nijaze maji ndoo tisa kubwa, zile za lita ishirini, nizipange uani kwa mstari. Nilizijaza nikinung'unika moyoni. Nilidhani kuna sherehe. Nilipokwisha kuingia jikoni nikamsikia anatembea, anaweka kitu chini, anarudi kwenye kiti.

"Mwambie achungulie."

Nikachungulia. Pembeni ya ndoo ya tisa palikuwa na chupa moja ya lita moja na nusu, nayo imejaa maji.

"Mwambie ndoo zote hizo ndizo figo zake zinachuja kutoka kwenye damu kwa siku moja. Hiyo chupa ndiyo mkojo wake wa siku. Sasa anijibu. Maji mengine yamekwenda wapi?"

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Nilikwenda nalo kisimani, nikalala nalo. Siku ya tatu, Jumamosi, nikapata jibu, maana Jumamosi ndiyo siku mzee alisafisha chumba chake, na alikisafisha kwa namna iliyomtoa mkewe machozi. Hakuwa mtu wa kufagia akizunguka vitu. Alitoa kila kitu nje: kitanda, godoro, vitabu, viatu, sanduku, saa ya ukutani. Chumba kikabaki kitupu kabisa. Kisha akaanza kurudisha, kimoja kimoja, anachokihitaji. Kisichorudi ndani kilikuwa takataka.

"Mwambie asikilize ninachofanya," alisema huku anaburuta kitanda. "Watu wanadhani figo inakaa inachambua uchafu, inautupa. Haiko hivyo. Damu inaingia kwenye vichujio vidogo sana, karibu milioni moja kila figo, na inaingia kwa msukumo. Vyote vilivyo vidogo vinatoka nje: maji, sukari, chumvi, na uchafu humohumo. Vikubwa, chembe za damu na protini, havipiti. Halafu kwenye mirija mwili unaanza kurudisha vyake. Sukari yote ndani. Maji karibu yote ndani. Chumvi kwa kipimo. Kinachobaki nje ndicho mkojo."

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema ni kama hivi anavyonitolea godolo nje na mvua inakuja."

Nilicheka mpaka nikasahau kwamba mkwe hapaswi kusikika akicheka. Kwa nje nikamsikia na yeye anacheka, kicheko kifupi cha puani. Mpaka leo nikiona mwanafunzi wa uuguzi anakariri mbele yangu, namsikia mzee yule akizima redio.

Hivyo ndivyo nilivyosoma mwaka mzima. Moyo, mapafu, ini, uzazi wa mimea. Uzazi wa binadamu alimpa mwalimu mwenzake wa kike anifundishe, akapotea nyumbani siku mbili nzima kwa adabu. Nilifaulu. Mama mkwe naye alifaulu kwa njia yake, kwa sababu kila somo lilipita mdomoni mwake. Baadaye nilimkuta kwenye umoja wa wanawake kanisani anawaeleza wenzake habari za figo, mikono hewani, bila kukosea hata hatua moja. Walipomuuliza amesoma wapi akawaambia, "Jikoni."

Kama nimefika popote katika maisha haya, nimefikishwa na mtu yule. Nalisema bila kuzunguka. Hakunidai shukrani na sikujua ningempa kwa njia gani. Ningemwambia nani amwambie?

Wakubwa wa mji, pale Tukuyu, walimjua kama mwalimu mkali. Wachuma chai walimjua kwa jambo lingine. Kwenye banda la kupimia majani, karibu na Matwebe, wanawake walikuwa wanashinda bila kunywa maji, kwa sababu hapakuwa na choo na wanaume walikuwa wamejaa barabarani. Wanaingia mashambani alfajiri, wanatoka jua limeegemea, midomo imekauka, wanaumwa viuno, wanaambiwa ni kazi. Mwalimu akapita pale siku moja kwa shughuli zake, akawauliza kwa sauti, mbele ya makarani, mara ya mwisho wamekojoa lini. Wanawake walitamani ardhi iwafunike. Walimpachika jina Mwalimu wa Mkojo, na akina mama wengine walimnunia. Juma lililofuata akarudi na majembe na vijana wawili wa kwaya, akachimba choo, akakiezeka bati la zamani la nyumba yake, akaweka kufuli na kuwakabidhi ufunguo. Kwenye mazishi yake wale wachuma chai walikuja kundi zima, wakakaa mbele, na hakuna aliyethubutu kuwasogeza.

Basi mtu huyuhuyu, aliyejua figo kama mimi ninavyojua njia ya nyumbani, hakuzihurumia zake. Alipenda chumvi. Alipakuliwa mbalaga, yale mapishi yetu ya ndizi, na kabla hajaonja nilisikia kopo la chumvi linatikiswa upande wa pili wa ukuta. Mama mkwe alilificha, akalipata. Akalificha kwenye debe la maharage, akalipata. "Mwambie, mama," nilimwomba nilipokuwa nimekwisha kuwa nesi, "mwambie chumvi inapandisha presha, na presha inaviua vile vichujio." Jibu likaja: "Mwambie hayo nilimfundisha mimi."

Na kulikuwa na kile kikopo kingine. Alipotembea, koti lake lilikuwa linalia chakacha, chakacha, kitu kidogo ndani ya kopo la plastiki. Nilikisikia miaka. Watoto wangu wakija likizo walikuwa wanakimbilia koti lile, na mimi nikaamini babu yao anabeba peremende. Hazikuwa peremende. Vilikuwa vidonge vya maumivu, anavimeza kwa ajili ya magoti, asubuhi na jioni, vya duka la dawa, bila kuandikiwa na mtu. Mtu mwenye presha akivimeza hivyo kwa miaka anazichosha figo zake mwenyewe. Watoto walikimbilia koti kwa sababu lilikuwa la babu, basi.

Sasa nifike kwenye kosa letu, ambalo nadhani halingetokea kwenye nyumba isiyo na ukuta kama wetu. Wakati huo mimi nilikuwa Mbeya, kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Kazi yangu ilikuwa kutazama watu. Uso uliovimba asubuhi, mguu ambao ukiubonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki, ngozi inayowasha, mtu anayehema akipanda ngazi mbili. Mgonjwa akiingia mlangoni nilijua kabla hajapimwa.

Tukaenda nyumbani Pasaka. Nikiwa jikoni nikasikia mzee hatembei na buti wala viatu, anaburuta ndala. Nikamsikia anasimama kwenye kizingiti cha baraza, anavuta pumzi, ndipo anapanda. Nikamuuliza mume wangu, "Baba siku hizi anavaa ndala hata kanisani?"

"Anasema viatu vinambana. Lakini ungemwona, amenenepa! Kustaafu kumemkaa vizuri. Shavu hilo."

Mimi nikafurahi kwamba baba amenawiri. Niliyejua maana ya shavu lile sikuliona, na aliyeliona hakujua maana yake. Ningechungulia mara moja tu kwenye ule uwazi wa moshi ningejua. Sikuchungulia, kwa kuwa nilikuwa mkwe mwema. Jambo hilo liliniuma kwa muda mrefu.

Miezi mitatu baadaye alianguka kanisani. Hospitali ya Tukuyu wakapima damu, wakakuta figo zimechoka karibu zote, wakaandika rufaa ya Mbeya haraka. Chumba cha mashine kilikuwa kimoja, kile ninachofanya kazi. Akauliza kama mimi niko pale. Akaambiwa ndiyo. Akasema hendi.

Mume wangu alilia kwenye simu. "Anasema hawezi kulala kitandani kifua wazi mbele ya mkwe wake. Anasema afadhali afe na heshima yake. Mke wangu, bila mashine ana siku ngapi?"

"Chache," nikamwambia. "Mpe mama simu, aweke sauti kubwa, akae karibu naye."

Nikasikia vyombo, kisha mama mkwe anapumua kwenye simu. "Mama, mwambie baba hivi. Mashine nitaiandaa mimi. Nitaisafisha, nitapitisha maji ya chumvi kwenye chujio, nitapima kila kitu. Akikohoa kwenye korido nitatoka. Mwenzangu ndiye atakayemuunganisha. Hataniona na mimi sitamwona."

"Anasema..." akaanza mama mkwe.

"Nimesikia," ikasema sauti ya mbali, nyembamba kuliko niliyoijua. "Mwambie aape."

Nikaapa.

Akaja. Jumatatu na Alhamisi, muda wa karibu mwaka na nusu, alikuja. Mwenzangu wa zamu, binti wa Mbeya asiye na subira na mambo yetu, ndiye aliyemuunganisha kwenye mrija aliowekwa shingoni na daktari, akamtoa. Mimi nilifika mapema kuliko wote siku zake. Niliiosha mashine ile kama ninayeosha mtoto mchanga. Nilishika chujio, lile bomba jeupe lenye nyuzi ndogondogo ndani, nikalipiga polepole kwa kiganja mpaka hewa yote ikatoka, maana hewa ikibaki inamdhuru mtu. Lile chujio linachuja tu, halijui kurudisha ndani kilicho cha mwili kama figo inavyojua, kwa hiyo sisi ndio tunaopanga vipimo vya maji na chumvi. Nilivipanga mara mbili, nikavirudia. Kisha kikohozi kwenye korido, nami naingia stoo.

"Mkweo ameandaa vizuri, mzee," binti yule alimwambia siku ya kwanza, kwa utani.

"Mwambie nimeona," akajibu.

Stoo ilitenganishwa na chumba kwa ubao tu. Nilikaa mle saa zake nyingi, napanga dawa, namsikiliza. Nilikuwa nimerudi jikoni. Alifundisha kitanda cha kushoto na kitanda cha kulia. Mwanamke mmoja wa Kiwira alizoea kuomba apangwe siku za mwalimu, anasema saa zinakwenda upesi.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Binti wa zamu alikuwa ametoka kumpeleka mgonjwa mwingine wodini. Mama mkwe alikuwa nje kwenye benchi, ameshika mwavuli. Mzee alikuwa anamweleza yule mwanamke wa Kiwira kwa nini apime maji anayokunywa kwa kikombe, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Sikusikia kikohozi wala kuguna. Yule mwanamke akaita, "Mwalimu? Mwalimu!" Kengele ya mashine ikalia.

Nilijua ni presha imeshuka. Nilijua cha kufanya na nilijua kina dakika chache. Nisiseme uongo: nilisimama mkono ukiwa kwenye kitasa, na kile kiapo kilikuwa kizito kuliko mlango. Nikafungua.

Nilikwenda moja kwa moja miguuni kwa sababu uso sikuuweza. Nikashusha upande wa kichwa, nikainua miguu yake kwa mkono mmoja, nikasimamisha uvutaji wa maji, nikafungua chupa ya maji ya chumvi ikimbie. Miguu yake ilikuwa ya baridi na ina ufa kisiginoni kama miguu ya mkulima yeyote. Nikahesabu. Nikapima. Nikapima tena. Kidogo kidogo namba zikapanda, na vidole vya miguu vikasogea kwenye mkono wangu.

Nikasikia anapumua kwa nguvu. Nikageuka haraka nikatazama ukuta, kola ya koti nimeivuta mpaka shavuni.

"Mwambie..." akaanza. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumtuma, na hapakuwa na mtu.

"Nisamehe, baba," nikasema. Ndilo neno la kwanza nililomwambia yeye mwenyewe. "Niliapa."

Mashine ikazunguka. Yule mwanamke wa Kiwira alijifanya amelala.

"Geuka," akasema. "Utaisomaje presha yangu ukitazama ukuta?"

Nikageuka. Lilikuwa jambo geni kuona sauti ile ina mdomo, na mdomo wenyewe ni ule wa mume wangu, na macho ni ya binti yangu mdogo. Alinitazama bila haraka, kuanzia kwenye viatu mpaka kichwani, kama mwalimu aliyeletewa mwanafunzi ambaye amekuwa akisahihisha madaftari yake tu.

"Kumbe unavaa miwani," akasema.

"Tangu kidato cha pili, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Nikavuta kigoda, nikakaa mahali alipoweza kuniona, nikakaa hapo mpaka saa zake nne zikaisha.